Chungu cha Kwanza ni cha Mwenye Shimo

Nimeuza vyungu kando ya barabara pale Kyumbi kwa muda mrefu kiasi kwamba nalijua gari litakalosimama kabla dereva mwenyewe hajaamua. Anayepunguza mwendo huku akikukodolea macho si mteja, huyo anataka kuulizia njia. Mteja halisi hutazama kwingine, kama mtu asiyehitaji kitu, na mimi nami hutazama kwingine, kama mtu asiyeuza kitu. Tunapomaliza kusalimiana, kila mmoja ameshadanganya mara mbili. Sioni aibu. Bei ni mazungumzo, na mazungumzo ndiyo kazi yangu ya pili baada ya kufinyanga.

Kitu kimoja tu sikuwahi kukijadili bei, kwa sababu hakikuwa na bei. Kitu hicho ni udongo.

Shimo letu la udongo liko kilimani, upande wa Kangundo, pembeni mwa shamba la kahawa iliyozeeka. Mama zetu walichimba hapo, na mama zao kabla yao. Shamba lilikuwa la mjane mmoja tuliyemwita susu wa shimo, yaani nyanya, ingawa hakuwa mfinyanzi na sidhani aliwahi kushuka shimoni hata siku moja. Desturi ilikuwa hivi: kila mwanamke anapochoma vyungu vyake, chungu cha kwanza kutoka kwenye majivu hupelekwa kwa mwenye shimo. Si kizuri kuliko vyote wala kibaya kuliko vyote. Ni cha kwanza. Kikitoka na ufa, huo ufa ni riziki yake.

Susu alikuwa akikipokea chungu, akikigonga kwa ukucha asikie kinavyolia, kisha anakiweka katika nyumba yake ya zamani ya udongo, ile aliyohama alipojengewa ya mawe. Hakuuza hata kimoja. Wala hakupikia, alikuwa na sufuria kama sisi sote. Ukimuuliza anavifanyia nini vyungu vyote hivyo, anakuuliza wewe unaufanyia nini udongo wake wote huo. Mazungumzo yanaishia hapo, unapewa chai.

Sisi wafinyanzi tuna mwethya wetu, kikundi cha kina mama wanaosaidiana kazi kwa zamu, leo tunamkatia kuni huyu, kesho tunamchomea yule. Wakanifanya mwenyekiti. Si kwa sababu vyungu vyangu vinapita vya wengine, ingawa vinapita. Walinichagua kwa kuwa naweza kuongea na mtu wa ofisini bila kutetemeka, na kwa kuwa kila kitu nakihesabu mara mbili, hata watu walioketi mbele yangu. Mama mmoja alisema siku ya uchaguzi kwamba heri wapewe kiongozi mwenye shaka kuliko kiongozi mwenye imani, wenye imani wametosha kanisani.

Chungu chetu hakianzi chini kama nyumba. Kinaanza na mdomo. Unakanda bonge, unalipasua katikati kwa ngumi, kisha unalizunguka ukitembea kinyumenyume, maana sisi gurudumu letu ni miguu yetu, huku ukivuta ukuta juu mpaka mabega na shingo vikae. Unalainisha kwa gunzi la mahindi. Nusu hiyo unaiacha kivulini ishike, siku inayofuata unaipindua mdomo chini ndipo ufunge kitako. Kwa hiyo mfinyanzi anaujua mdomo wa chungu chake kabla hajajua tumbo litakuwaje. Mama alikuwa akisema ndivyo watu wa kwetu wanavyooa pia.

Mchana nilikuwa nafinyanga vya maua, vile vinavyonunuliwa na watu wa magari, kwa ajili ya unga. Jioni nilifinyanga vyangu. Kulikuwa na aina moja iliyonisumbua kwa miaka, chungu kirefu chenye shingo iliyoinamia mbele, kama mwanamke aliyebeba mzigo wa kuni kwa mkanda wa kipajini. Kuinamisha shingo ni rahisi. Kazi ni kufanya chungu kilichoinama kisimame, na kisimame bila kuonekana kinajitahidi. Vingi vilinianguka. Wenzangu walicheka, wakasema mwenyekiti anafinyanga walevi. Baadaye mwenye nyumba ya wageni mjini Machakos akavichukua vyote vilivyosimama, na wenzangu wakaanza kuuliza, kwa sauti za watu wasiohitaji kitu, jinsi ya kuinamisha shingo. Nikawafundisha. Udongo wa kule kilimani ulikubali. Hilo ndilo nataka lieleweke. Si kila udongo unakubali.

Kisha susu wa shimo akafa. Tukamzika vizuri, mwethya mzima tukapika. Baada ya matanga akaja mwanawe.

Mwanawe alikuwa mtu wa kiwandani kule Mavoko, anasimamia watu, shati limepigwa pasi hata Jumapili. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo kwa sababu hadithi hii ingekuwa nyepesi kwangu angekuwa mbaya. Alituita nyumbani kwa mamake, akatuketisha kwenye viti vya plastiki, akaagiza soda.

"Mama zangu, mimi siwafukuzi," akasema. "Lakini hata nyinyi mnaona, hii shamba inataka kujilipia. Hizo vyungu mnaleta, mimi sina pa kuweka. Si mnilipe tu kitu kidogo kila mwaka, niwape risiti, kila mtu ajue mahali amesimama?"

Tuliangaliana. Ukweli ni kwamba tulifurahi. Kwa mama zetu, shimo lilikuwa heshima tu, na heshima huwezi kumwonyesha chifu. Sasa tungekuwa na karatasi yenye tarehe na sahihi. Mama mmoja alininong'oneza kwamba hata tukienda kuomba mkopo wa kikundi, tutakuwa na kitu cha kuweka mezani. Mimi nikakunja mikono, nikatazama parachichi zake kama mtu asiyetaka kitu, nikaanza kazi. Akataja, nikaguna. Akapunguza, nikamuuliza kama mamake alikuwa na shida ya figo kama yangu, maana hapa nasikia maumivu. Akapunguza tena. Tulipoondoka pale wenzangu walinipiga mabegani njia nzima. Hawajawahi kunisifu hivyo kwa chungu chochote.

Mmoja tu alikataa. Wifi yangu.

Wifi ni mjane wa kaka yangu, na ni bahili wa kutajwa. Ni mtu ambaye akikukaribisha uji anakwambia kwanza kwamba wewe naye huwa hupendi uji. Viatu vya marehemu kaka yangu alivivaa yeye mpaka vikaisha, kisha soli akafanyia bawaba za banda la kuku. Hakuna aliyewahi kumwona akitoa pesa mfukoni bila kwanza kuipapasa ndani kwa ndani, kama mtu anayeagana na mtoto. Tulipomweleza mapatano alisema hatoi hata ndururu.

"Udongo nimepewa bure na mama ya huyu," akasema. "Leo nilipie nini, shimo au hewa ya ndani ya shimo?"

Nikamwambia kila mtu amekubali. Akasema kila mtu ana pesa. Nikamwambia hatutaweza kumtetea. Akasema yeye atazidi kupeleka chungu cha kwanza kama zamani, kwa sababu chungu chake cha kwanza mara nyingi kina ufa, na chenye ufa hakiuziki hata hivyo. Nanukuu sababu yake kama alivyoitoa, kwa kuwa siku hizi watu wanamtajia sababu nyingine. Wanasema alikuwa analinda mila. Mimi nilikuwepo. Alikuwa analinda mfuko.

Kikao cha mwethya kikaamua kwamba asiyelipa hachimbi nasi. Mimi ndiye niliyemwambia, mwenyekiti hana pa kujificha. Akanijibu kwamba shimo si choo, halijai, na akaendelea kwenda kwa siku zake na mkaza mwanawe. Chungu chake cha kwanza alikipeleka katika ile nyumba ya zamani ambayo haikuwa na kufuli, akakiweka ndani, akaondoka. Mwana wa susu alimwona mara moja, akacheka, akamwacha. Sisi tukalipa, tukapewa risiti, tukachimba tukiwa tumenyoosha shingo.

Ikapita hivyo kwa muda, tena vizuri. Kisha mwana wa susu akapiga simu kwa adabu yake ile ile. Amepata mnunuzi, mtu wa Nairobi anayetaka kujenga. Mwaka tuliolipia ukiisha, basi, mapatano yetu yamekwisha, na anatushukuru kwa kuwa wapangaji wazuri.

Nililisikia neno hilo, wapangaji, na likanikaa kifuani kama tonge bila mchuzi.

Tulijaribu udongo mwingine kwanza. Sikutaka watu wapige kelele kabla ya kujua kama kuna sababu. Tulitoa mzigo wa udongo mtoni upande wa Matuu, mweusi, unaoteleza vizuri mikononi. Tukafinyanga, tukakausha, tukachoma. Ndani ya moto vikaanza kulia pa, pa, kama mahindi ya kukaanga, na tulipoondoa majivu tulikuta vigae. Nikavihesabu vilivyopona, nikavihesabu tena nikitumaini nimekosea. Tukajaribu kuchanganya mchanga mwingi zaidi. Havikupasuka, lakini vilikuwa vizito na vibovu, na shingo hazikukubali kuinama hata kidogo. Mama mmoja wa makamo, ambaye mumewe hafanyi kazi tangu alipoumia mgongo, alikaa karibu na yale majivu mpaka yakapoa, akaniuliza tutafanya nini sasa.

Shamba la ukoo haliuzwi na mtu mmoja kwa kutaka kwake. Wazee wa ukoo wakikataa kwenda kwenye bodi ya ardhi kusema tumekubali, mnunuzi anabaki na pesa yake na hamu yake. Kwa hiyo nikawaendea wazee. Wakakubali kusikiliza, pale pale nyumbani kwa marehemu, kwenye baraza ya nyumba ya mawe.

Tulikwenda wote. Mwana wa susu alikuwa ameketi upande mmoja, sisi upande mwingine, wazee watatu katikati. Nilisema vizuri siku hiyo. Nilieleza mama zetu na mama zao. Kisha nikatoa risiti zetu zote, nimezifunga kwa mpira, nikampa mzee aliyekuwa anaongoza. Nilimpa kama mtu anayeweka turufu mezani.

Mzee akazitazama moja moja, bila haraka. Akamuuliza mwana wa susu kama ni sahihi yake. Akasema ni yake. Akanigeukia.

"Mwaitu," akasema, ndivyo mtu wa kwetu anavyomwita mwanamke anayemheshimu, yaani mama yangu, "hii ni pesa ya kukodi."

Nikasema ndiyo, na hatuna deni.

"Ndiyo shida. Mkodishaji akisema imetosha, imetosha. Mlipokuwa mnaleta vyungu mlikuwa watu wa hii boma. Ningemuuliza huyu kijana, unafukuza aje watu wa boma ya mama yako? Lakini mlilipa. Mkapewa risiti. Sasa nitamuuliza nini?"

Nilisikia mama mmoja nyuma yangu akivuta pumzi kwa meno. Nilitaka kusema kwamba si sisi tuliotaka, kwamba ni yeye aliyetuomba, lakini nilikumbuka jinsi nilivyoguna ili apunguze, na jinsi tulivyorudi nyumbani tukicheka. Mtu aliyelazimishwa hajadili bei kwa ufundi ule.

Wakati huo wifi akaingia uani. Hakuwa ameitwa. Alikuwa na mkokoteni, anausukuma na mkaza mwanawe, na ndani ya mkokoteni kuna majani makavu. Akawasalimu wazee kwa heshima, akanisalimu mimi kwa kiasi, akaelekea moja kwa moja kwenye ile nyumba ya zamani. Tukaona akitoka amekumbatia chungu, anakilaza kwenye majani.

Mzee akamwuliza anafanya nini.

"Nachukua vyungu yangu, mzee. Nimesikia mnabomoa. Afadhali nikaviuze hata kama ni vya ufa, kuliko tingatinga ivikanyage."

"Viko hapa kwa nini, kama ni vyako?"

"Si ni vya kwanza. Vya mwenye shimo."

Wazee waliinuka wote watatu. Waliingia katika nyumba ile, na sisi tukawafuata mpaka mlangoni. Ndani kulikuwa na vyungu kutoka ukutani hadi ukutani, vingine vimebebana, buibui wamejijengea kati yake. Sisi wafinyanzi kila mmoja ana alama yake, unaichora chini kidogo ya mdomo kabla udongo haujakauka, na alama hiyo umepewa na mama yako aliyepewa na mamake. Yangu ni mistari mitatu mifupi na nukta. Ya wifi ni kama mguu wa kuku, na tangu nilipomfahamu nilikuwa nikimwambia kuku huyo alikuwa mgonjwa. Mzee akawa anainua vyungu kimoja kimoja karibu na mlango, anageuza, anauliza hii ya nani. Mistari yangu ilikuwa huko nyuma, chini ya vumbi. Vyote vilivyokuwa mbele, vyote vilivyowekwa tangu susu azikwe, vilikuwa na mguu wa kuku.

Wakarudi barazani. Walinong'onezana kidogo, kisha mzee akamwambia mwana wa susu kwamba ukoo utakubali auze, lakini pembe ile yenye shimo, pamoja na njia ya kuifikia na nyumba ile ya vyungu, haitaingia katika kipimo. Ibaki ya huyu mama wa chungu na mtu atakayeingia naye kwa mkono wake. Kijana akaanza kusema kwamba hakumwomba chungu mtu yeyote. Mzee akamwuliza kama aliwahi kumrudishia. Hakuwahi. Kijana akauliza kama hao wengine nao watarudi kwa mlango huo huo. Mzee akasema hao wamejibiwa.

Wifi bado alikuwa ameshika mpini wa mkokoteni. Sidhani alikuwa ameelewa. Akauliza kama sasa anaweza kuondoka na vyungu.

"Ukivitoa, na wewe umetoka," mzee akasema.

Akakirudisha kile chungu ndani. Nilimwona uso. Kupata shimo zima kulimpendeza, lakini kuacha vyungu kulimuuma.

Wiki iliyofuata sikulala vizuri. Kina mama walikuja kwangu mmoja mmoja, hawakunilaumu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Waliniuliza tu kama nimeshaongea na wifi. Mimi huwa namwambia kila anayeanza biashara kwamba usiende sokoni mikono mitupu, uwe na kitu ambacho mwenzako anakihitaji. Nikapekua nyumba, nikapekua kichwa, nikarudia. Wifi hakuhitaji chochote kutoka kwangu. Nilikuwa nimemfukuza kikundini kwa mdomo wangu mwenyewe.

Yeye ndiye aliyenitumia salamu. Mkaza mwanawe ana mimba, hawezi kushika kamba. Kama nina nafasi, niende nimsaidie kuchimba.

Shimoni huwa hatuendi peke yetu. Mmoja anashuka na jembe dogo na karai, mwingine anabaki juu na kamba, na wa juu ni lazima azungumze muda wote, azungumze chochote, ili wa chini ajue bado kuna mtu. Ukuta ukianza kumomonyoka, wa juu ndiye anayeuona kwanza. Tulipofika, wifi akaketi ukingoni, akajifunga kamba kiunoni, akaniambia nishuke mimi maana magoti yake yanamsumbua. Magoti yake ni mazima kuliko yangu. Nikashuka.

Akaanza kuzungumza kuhusu kuku. Kisha kuhusu bei ya sukari. Mimi nachimba, yeye anavuta karai. Nikangoja amalize sukari, nikasema kutoka chini kwamba kina mama wanauliza.

"Wanauliza nini?"

"Unajua, wifi."

"Mimi niko juu huku, sisikii vizuri. Sema yote."

Nikasema yote. Kwamba waingie kwa mkono wake, kama mzee alivyosema. Kwamba mwethya utamchimbia, utamkatia kuni, utamchomea. Kwamba nitasimama mbele ya watu niseme nilikosea kumtoa. Nikaongeza na uenyekiti. Mtu akiwa shimoni hutoa bei zake zote kwa mkupuo mmoja, nililijua hilo siku hiyo. Juu kukawa kimya, na kimya cha wa juu ni kitu kibaya sana ukiwa chini.

"Wifi?"

"Niko." Akavuta kamba kidogo. "Uenyekiti sitaki, nyinyi mnaongea sana. Waje. Kuni nitakubali. Lakini chungu yoyote ikitoka kwa hii udongo, iwe na alama yangu."

Nikadhani sijasikia.

"Yule kijana ana macho," akaendelea. "Anapita Kyumbi kila mwisho wa mwezi. Akiona huyu ana mistari, yule ana duara, atasema nimepangisha shimo. Atarudi kwa wazee, na mimi nitabaki bila. Mwenye chungu ni mmoja, walisema. Basi iwe mmoja."

Nikaanza kujadiliana. Nilimwambia iwe kwa kile cha kwanza tu, kinachokwenda katika nyumba ile. Akakataa. Nikamwambia alama yake ikae mdomoni na yetu ikae chini ya kitako, ambako hakuna anayetazama. Akasema kijana akinunua kimoja atakipindua. Nikamwambia ndani ya shingo, basi, mahali mkono tu unafika. Akasema kinachofichwa ndani ni cha mwizi, na yeye hakuiba. Hakukasirika. Alikuwa anajibu kama mtu aliyeketi kwenye kiti chake. Na jambo lililoniuma ni kwamba nilipolipima neno lake upande huu, nikalipima upande ule, halikuwa na kosa. Ningekuwa mimi juu, ningesema hivyo hivyo, na labda ningeongeza.

"Ni alama ya mama yangu, wifi," nikasema.

"Najua," akasema. "Mama yako alinionyesha kushika gunzi. Jaza karai, jua linapanda."

Nilipeleka habari kwa mwethya. Niliwaambia ilivyo, sikuipamba. Yule ambaye mumewe ameumia mgongo akauliza mguu wa kuku unachorwa vipi, kucha tatu au nne. Mama mmoja mzee aliinuka, akapangusa sketi. Akasema alama yake ameshamwonyesha mjukuu, na hawezi kwenda kumwambia mtoto kwamba ilikuwa mchezo. Akaniambia hanichukii. Nilimsindikiza mpaka kwenye lami, nikimwomba afikirie tena, naye akanipa mkono kama mtu anayeaga msibani. Hajarudi kufinyanga. Naambiwa anauza mboga Kangundo.

Tuliobaki tunachimba. Nyumba ya zamani inapata chungu chake cha kwanza kwa kila moto, na nyumba ya mawe iliyo karibu nayo imeshabomolewa. Mara ya kwanza kuchora ule mguu, mkono wangu ulichora mistari mitatu wenyewe, ikabidi nifute kwa kidole chenye maji. Mara ya pili pia. Sasa haukosei, na hilo ndilo nisilolipenda zaidi.

Juzi alisimama pale Kyumbi mama mmoja mwenye hoteli mjini, mteja wangu wa miaka, ambaye hununua mitungi ya maji ya kunywa. Tulisalimiana, tukaulizana watoto, kila mmoja akatazama kwingine kama kawaida. Akainua mtungi, akaugonga, akapenda ulivyolia. Kisha akapitisha kidole chini ya mdomo.

"Hii si yako," akasema.

Nyuma yangu walikuwa wenzangu wawili, wanapanga vya maua, na niliwasikia wakiacha kupanga. Maneno hupanda na kushuka barabara ile upesi kuliko magari. Nikisema ni mkono wangu, kufika mwisho wa mwezi kijana wa Mavoko atakuwa amelisikia.

"Si yangu," nikasema. "Ni ya wifi. Mimi namuuzia tu."

"Wifi yako amekuwa fundi sana siku hizi. Zamani vyungu vyake nilikuwa napita tu. Hata shingo ameinyoosha." Akaugeuza tena mtungi kwenye mwanga. "Na wewe uliacha kufinyanga?"

"Magoti," nikasema.

Akasema pole. Kisha akanitajia bei, bei ya mchuuzi, ile anayotajiwa mtu ambaye kitu si chake na hana sababu ya kukipigania. Nilifungua mdomo nigune. Nikaona sina haki hiyo mbele ya watu, nikaichukua kama ilivyo. Akaniambia nimpe wifi hongera zake. Nikaufunga mtungi kwa majani, mdomo chini, nikamsaidia kuuingiza garini.